Tensa imegoma kugawanyika? Anza na dalili

Mitihani ikikaribia meseji zinazonifikia ni zile zile, yaani utadhani watu wameambizana. "Kaka nimegawanya V⊗V nimepata kipande 5/6, inawezekana?" Haiwezekani. "Dimensheni yangu imetoka hasi, nifute nianze upya?" Usifute kwanza. "Programu inasema 3.618 mwalimu anasema 1." Hiyo naijua, tutafika. Nimeona bora nizipange kwa dalili kama anavyofanya fundi redio, hafungui kila skrubu, anauliza kwanza inaliaje.

Tukubaliane tunaongelea nini. Una kategoria ya tensa iliyo semisimpo, maana yake kila objekti inavunjika ikawa jumla ya vipande simpo, na kipande simpo ni kile ambacho hakivunjiki tena. Unachukua viwili, X na Y, unavizidisha kwa tensa, unapata X⊗Y ambayo nayo lazima ivunjike, na kazi yako ni kusema vimetoka vipande gani na kila kimoja mara ngapi. Hizo mara ngapi naziita marudio. Ni namba nzima kuanzia sifuri, hakuna nusu kipande, hakuna kipande cha deni.

Kabla hujagusa kitu fanya hesabu mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua, dimensheni ya X mara dimensheni ya Y iwe sawa na jumla ya dimensheni za vipande vilivyotoka. Ya pili ndo watu wanairuka, halafu ndo yenye nguvu: kila marudio yapige skweya, jumlisha, jibu liwe sawa na dimensheni ya End(X⊗Y), yaani mishale huru inayotoka X⊗Y na kurudi X⊗Y yenyewe (tukiwa kwenye namba changamano). Uzuri wake ni kwamba mara nyingi End unaweza kuihesabu kabla hujajua kipande hata kimoja.

Mfano S₄, kundi la mipangilio 24 ya vitu 4. Lina kipande V cha dimensheni 3 ambacho karakta yake (jumla ya diagonali ya matriksi ya kila mwanakundi) kwenye klasi zake tano (mafungu ya wanakundi wa aina moja) ni 3, 1, −1, 0, −1, na klasi zenyewe zina watu, yaani wanakundi, 1, 6, 3, 8, 6. Karakta ya V⊗V ni skweya zake, 9, 1, 1, 0, 1. Sasa End, piga skweya tena na uzidishe kwa watu wa klasi: 81 + 6 + 3 + 0 + 6 = 96, gawa kwa 24, unapata 4. Kwa hiyo ama kuna vipande vinne tofauti kila kimoja mara moja, ama kipande kimoja mara mbili, na hiyo ya pili inakufa hapo hapo maana 9 haigawanyiki kwa 2. Vipande vya S₄ vina dimensheni 1, 1, 2, 3, 3, jumla 10, unataka vinne vifike 9, basi unaacha moja ya zile 1. V ni dyuali yake mwenyewe (dyuali ya kipande ni yule ambaye ukimzidisha nacho 1 inatokea) kwa hiyo 1 ya kawaida, ile ambayo kundi haliigusi, lazima iwemo, inayoachwa ni ile ya alama (+1 au −1). Imeisha, 1 + 2 + 3 + 3, na hatujapima karakta ya V⊗V dhidi ya ya kipande hata kimoja.

Ukishazoea hizo hesabu mbili, nusu ya dalili zinazofuata utazikamata mwenyewe.


DALILI: dimensheni za pande mbili hazilingani

Sababu inayoongoza, na inaongoza kwa mbali, ni majina ya vipande. Kwenye SU(2), kundi la matriksi 2×2 za unitari zenye determinanti 1, kuna watu wanaita kipande kwa n, chenye dimensheni n+1, na kuna watu wa fizikia wanakiita kwa spini j, chenye dimensheni 2j+1. Ukiandika "1⊗1" kwa lugha ya n unapata 0 + 2, dimensheni 2·2 = 1 + 3. Kwa lugha ya j unapata 0 + 1 + 2, dimensheni 3·3 = 1 + 3 + 5. Zote sahihi. Balaa ni pale umechukua kanuni kwenye kitabu kimoja na jedwali kwenye kingine. Cheki yake ni swali moja tu, kitu chenye jina "1" kwenye hiki kitabu kina dimensheni 2 au 3?

Ndugu yake anaishi ndani ya kompyuta. Kwenye Sage (programu ya hisabati) ukifungua WeylCharacterRing("A2"), A2 ikiwa ndo jina la SU(3) huko, bila kuongeza kitu, inatarajia uipe uzito kwa namba tatu, A2(1,1,0), na hiyo ina dimensheni 3. Mtu alitaka ile ya 8. Ya 8 unaipata kwa kuweka style="coroots" halafu A2(1,1). Kabla ya kuzidisha chochote iulize .degree(), sekunde mbili tu.

Halafu kuna kusahau marudio. SU(3), 8⊗8 = 1 + 8 + 8 + 10 + 10* + 27, jumla 64. Watu wanaandika 8 mara moja wanapata 56, wanaanza kutafuta kosa kwenye 27 wakati upungufu ni 8 kamili na unajitangaza wenyewe. Hapo hesabu ya pili nayo inakusaidia, 1 + 4 + 1 + 1 + 1 = 8, ile 4 ni mbili kwa skweya.

Sababu ya mwisho haitokei sana ila ikitokea inakula siku nzima, nayo ni kuchanganya dunia mbili. Uko kwenye SU(2) ya leveli k, kule vipande ni V₀ hadi V_k tu (Vₙ ni kile chenye jina n), lakini dimensheni unazotumia ni zile za kawaida n+1. Haitalingana hata ukeshe. Kwenye leveli k dimensheni ni sin((n+1)π/(k+2)) gawa kwa sin(π/(k+2)). Kwa k = 3 unapata 1, φ, φ, 1, na φ ni 1.618 na ushee.

Humo humo kuna mtego ambao nimeuona kwa watu wazuri kabisa. Wanagawanya kama kawaida halafu wanafuta kila kilichozidi k, wanasema "kimekatwa". Jaribu V₂⊗V₂ kwenye k = 3: kawaida ni V₀ + V₂ + V₄, unafuta V₄, unabaki na V₀ + V₂, na ni sahihi, kwa bahati. Sasa jaribu V₃⊗V₃. Kawaida ni V₀ + V₂ + V₄ + V₆, unafuta viwili vya mwisho, unabaki na V₀ + V₂, dimensheni 1 + 1.618 = 2.618. Lakini V₃ ina dimensheni 1, na moja mara moja ni moja bana! Kilichotokea ni kwamba kufuta hakutoshi, vilivyozidi vinarudi kama kwenye kioo kilichosimama k+1, na vinarudi na alama ya kutoa. Kioo kiko 4, V₄ imesimama juu ya kioo inakufa, V₆ iko hatua mbili mbele inarudi kuwa −V₂, inaua ile V₂ iliyokuwepo. Inabaki V₀ peke yake. Kama hutaki vioo tumia kanuni iliyonyooka, unaanzia |m−n| unapanda kwa mbili mbili unaishia kwenye ndogo kati ya m+n na 2k−m−n.


DALILI: marudio yametoka sehemu, au yametoka hasi

Ile 5/6 niliyoanza nayo ni S₃, kundi la mipangilio 6 ya vitu 3. Kipande cha dimensheni 2 kina karakta 2, 0, −1, ukipiga skweya ni 4, 0, 1, mtu anatafuta 1 ya kawaida iko mara ngapi, anajumlisha 4 + 0 + 1 anagawa kwa 6. Amesahau kwamba klasi zina watu 1, 3 na 2. Ukiweka watu inakuwa 4·1 + 0·3 + 1·2 = 6, gawa kwa 6, moja. Sehemu zikitokea tisa kwa kumi ni hii. Usiende popote kabla hujaicheki.

Kama watu wa klasi wapo na bado ni sehemu, jedwali lako la karakta ndo bovu. Kila mstari upige skweya kwa thamani kamili, weka watu, gawa kwa ukubwa wa kundi, lazima itoke 1. Mstari unaokataa ndo wenye kosa la kunakili, na karibu kila mara ni alama ya kutoa iliyodondoka.

Kwa wanaotumia fomula ya Verlinde (yake Erik Verlinde, ya 1988, inayotoa marudio kutoka matriksi S ya kategoria), sehemu au namba za ajabu zinatoka kwenye matriksi S ambayo haijasawazishwa. Chukua kategoria ya Fibonacci, ina vipande viwili tu, 1 na τ, na τ⊗τ = 1 + τ. S yake ni mistari (1, φ) na (φ, −1), yote igawanywe kwa mzizi wa 2+φ. Ukitafuta τ iko mara ngapi ndani ya τ⊗τ unapata φ³ − 1/φ, ambayo ni 3.618, kisha unagawa kwa 2+φ ambayo nayo ni 3.618, jibu 1. Aliyesahau kugawa anabaki na 3.618 mkononi, na huyo ndo yule wa meseji. Kosa lingine la hapo hapo ni kugawa kwa safu isiyo ya objekti 1. Kwenye fomula chini inakaa S₀ᵣ (0 ndo objekti 1), siyo nyingine.

Hasi sasa. Kama unatumia njia ya kuongeza uzito, yaani unachukua mizigo yote (namba za uzito) ya kipande kimoja unaijumlisha na mzigo mkubwa wa kingine, hasi zitakuja na zina haki ya kuja, ila lazima ziishe zenyewe. SU(2), V₁ na V₃: mizigo ya V₃ ni 3, 1, −1, −3, ongeza 1 kila mmoja, unapata V₄ + V₂ + V₀ + V₋₂. Hiyo ya mwisho siyo takataka ya kutupa, V₋₂ ni −V₀, inakula V₀, unabaki na V₄ + V₂, na 5 + 3 = 8 = 2·4. Ukimaliza na bado una hasi, hujamaliza kukunja, yaani kurudisha vilivyo chini ya sifuri.

Desimali kama 0.9999998 siyo dalili ya ugonjwa, ni kompyuta tu, zungusha uende zako. 0.97 siyo kuzungusha, hiyo ni kosa, rudi nyuma.


DALILI: 1 haionekani mahali ulipoitegemea, au imetokea mahali isipotakiwa

Kipande 1 kinatokea ndani ya X⊗Y pale tu Y ni dyuali ya X, na kinatokea mara moja tu, siyo mbili. Wengi wanatoka SU(2) ambako kila kitu ni dyuali yake mwenyewe, wanafika SU(3) wanategemea 3⊗3 iwe na 1. Haina. 3⊗3 = 6 + 3*, na 1 iko kwa 3⊗3* = 1 + 8.

Kosa la pili ni konjugeti (kugeuza alama ya sehemu ya i kwenye namba changamano), na hili lilinikesha mimi siku tatu nikiwa mwaka wa kwanza wa masters, nimeshaanza kulaumu jedwali. A₄ (nusu ya S₄, ile mipangilio 12 ya shufwa) ina vipande vitatu vya dimensheni 1, wa kawaida na wawili wenye mizizi ya tatu ya moja, tuwaite ω na ω². Ni wazi ω⊗ω = ω². Lakini ukifanya hesabu ya ndani ya karakta (zidisha karakta mbili, weka watu, jumlisha, gawa kwa ukubwa wa kundi) bila kuweka konjugeti upande wa pili, ω·ω·ω inakuwa 1 kila mahali na fomula inakuambia ω⊗ω = ω. Angalia ubaya wake: namba nzima, dimensheni sawa, skweya sawa, hesabu zetu mbili zote zinapita. Ndo maana cheki ya tatu ni kuzidisha na 1: zidisha kila kipande na 1, lazima kirudi kile kile, kikirudi kingine konjugeti yako imelala. Kwenye S₃ na S₄ hutaiona kamwe hii kwa sababu karakta zake zote ni namba halisi, unaweza kufundisha mwaka mzima na kosa liko kwenye skripti limetulia.


DALILI: dimensheni siyo namba nzima

Hii siyo dalili, hii ni kushtuka. Kwenye makundi dimensheni ni ukubwa wa nafasi kwa hiyo ni namba nzima, lakini kategoria haina lazima ya kuwa na nafasi chini yake. Dimensheni pekee ambayo jedwali la kuzidisha linakupa bila kuuliza kingine ni ile ya Frobenius na Perron: andika matriksi ya kuzidisha kwa X, tafuta aijenivelyu kubwa kuliko zote. Kwa τ matriksi ni (0, 1) na (1, 1), aijenivelyu ni 1.618 na −0.618, unachukua ya kwanza. Kategoria ya Ising ina 1, ψ, σ na σ⊗σ = 1 + ψ, hapo σ ni √2, na dimensheni ya jumla (skweya zikijumlishwa) ni 1 + 1 + 2 = 4.

Kuna kipimo kizuri cha kujua kama namba yako ni halali: dimensheni ya Frobenius na Perron ikiwa chini ya 2 lazima iwe 2cos(π/n) kwa n fulani kuanzia 3. Yaani 1, 1.414, 1.618, 1.732, 1.802 na kuendelea kupanda kuelekea 2. Umepata 1.5? Jedwali lako lina kosa, usitafute kwenye programu. Umepata 1.7? Kosa pia, hata kama inafanana na 1.732.

Na kama kwenye leveli k = 3 umepata 1 mahali pa 1.618, au kwenye k = 2 umepata 0 mahali pa √2, basi umeandika π/k. Ni π/(k+2). Hii haihitaji maelezo zaidi.


DALILI: dimensheni imetoka hasi

Sababu ya kwanza: umechukua aijenivelyu isiyo yake. Kwa τ ile −0.618. Lakini subiri, −0.618 nayo ni ya mtu, kuna kategoria yenye jedwali lile lile la Fibonacci, inaitwa Yang–Lee, ambayo dimensheni yake kwa kitanzi ni (1−√5)/2. Dimensheni ya kitanzi, yaani unafunga kamba ya X ikawa duara unasoma namba, inategemea muundo wa ziada uliouweka na inaweza kuwa hasi. Ya Frobenius na Perron haiwezi. Cheki: thamani kamili ya kitanzi haizidi ya Frobenius na Perron, na hesabu ya kwanza (pande mbili zilingane) inapita kwa zote mbili, 0.382 = 1 − 0.618, sawa. Kwa hiyo jiulize swali lilitaka ipi, ndo ujibu.

Sababu ya pili: alama ya kitanzi. Waandishi wengine wa Temperley–Lieb (aljebra ya michoro ya kamba) wanaweka kitanzi q + 1/q, q ikiwa namba unayochagua, wengine −q − 1/q. Ukichanganya, kwa q = 1 V₁ inakuwa −2 na V₂ inabaki 3, hasi zinaruka moja moja kwa mpangilio kama meno. Ukiona huo mpangilio usihangaike na kingine.

Ya tatu ni ya walioingia kwa mwanahesabu Deligne. Yeye alichapisha 2007 kategoria inayojifanya kuwa ya makundi S_t ambapo t siyo lazima iwe namba nzima, na huko kipande V kina dimensheni t−1. V⊗V inavunjika kuwa nne: 1, V, A yenye dimensheni t(t−3)/2, na B yenye (t−1)(t−2)/2. Weka t = 1/2: V ni −1/2, A ni −5/8, B ni 3/8. Sasa jumlisha, 1 − 1/2 − 5/8 + 3/8 = 1/4, na (−1/2)² ni 1/4. Inalingana kabisa! Mimi mara ya kwanza kuiona nilicheka peke yangu. Hapa sehemu na hasi ni afya, ila kumbuka ni dimensheni tu ndo zina ruhusa, marudio bado ni namba nzima, 1, 1, 1, 1.


DALILI: dimensheni ya kipande ni sifuri, au programu inalia kwamba unagawa kwa sifuri

SIMAMA HAPA. Hii ndo dalili pekee ambayo nakuambia usiendelee kujaribu jaribu. Kwenye kategoria semisimpo tunazoongelea kipande simpo hakiwezi kuwa na dimensheni sifuri. Ukiipata, ama kosa la namba, ama huko uliko siyo semisimpo, na kila kanuni niliyoandika hapo juu haina kazi.

Cheki nyepesi kwanza. Je uko kwenye mzizi wa moja, yaani q yako ukiipandisha nguvu fulani inakuwa 1? Kwenye Temperley–Lieb dimensheni zinatembea kwa kanuni moja, inayofuata ni δ (thamani ya kitanzi) mara uliyonayo toa iliyotangulia. Kwa δ = 1.618 zinakwenda 1, φ, φ, 1, 0. Ya tano ni sifuri, na projekta inayofuata (mshale unaokitenga kipande) ina hiyo sifuri chini ya mstari wa kugawa, ndo programu inalia. Dawa inajulikana, unatupa mishale yote isiyoonekana kwa kitanzi na unabaki na vile vipande vinne vya mwanzo, na hiyo ndo SU(2) ya leveli 3 (ukiacha suala la alama). Lakini kutupa kunafanywa mara moja, mwanzoni, siyo katikati ya hesabu pale unapokwama.

Je t yako kwa Deligne ni namba nzima isiyo hasi? Kama ndiyo, semisimpo imeondoka, A inakuwa sifuri kwenye t = 3 na ndo dalili yenyewe.

Je fildi yako ina karakteristiki p inayogawanya ukubwa wa kundi? Teoremu ya Maschke, ile inayokuhakikishia semisimpo kwa makundi, inadai uweze kugawa kwa |G|, ukubwa wa kundi. Chukua kundi la watu 2 kwenye karakteristiki 2: uwakilishi wa dimensheni 2 wenye matriksi (1, 1) na (0, 1) una kipande cha dimensheni 1 ndani yake lakini hakina wa kukamilisha. Ingekuwa 1 + 1, End ingekuwa 4. Ukihesabu ni 2. Dimensheni zinalingana vizuri, hesabu ya pili ndo inakuambia.

Kama moja ya hizo tatu ni ndiyo na swali linataka mgawanyo bila kutupa kitu, tafuta mtu anayefanya uwakilishi wa moduli au moduli za kutilti. Hii kazi siyo ya karatasi moja na kalamu na mimi mwenyewe huwa naipeleka kwa wenyewe.


DALILI: dimensheni zinalingana lakini skweya hazilingani na End

Kama uko semisimpo, mara nyingi umehesabu End ya mahali pengine. Mfano mzuri ni S_t tena. Chukua X = 1 + V, yaani ule uwakilishi wa kuhamisha vitu. X⊗X ni 1 mara mbili, V mara tatu, A na B mara moja moja: 4 + 9 + 1 + 1 = 15, na 15 ni idadi ya njia za kugawa vitu 4 kwenye mafungu, namba ya Bell. Kwa S₄ ni 15 vile vile. Sasa nenda S₃, unapata 1 mara mbili, V mara tatu, na ile ya alama mara moja, 4 + 9 + 1 = 14. Mtu anatafuta moja iliyopotea. Haijapotea, A ina dimensheni sifuri pale t = 3, na ukihesabu njia za kugawa vitu 4 kwa mafungu yasiyozidi 3 unapata 14, kwa sababu ile njia ya kila mtu fungu lake haina nafasi. Kwa hiyo ukitumia namba ya Bell hakikisha n siyo ndogo, kwa X⊗X n iwe 4 au zaidi.

Kwa Fibonacci cheki ni rahisi, τ⊗τ⊗τ = 1 + 2τ, skweya 1 + 4 = 5. Ukipata 1 + τ umesahau kuzidisha ile 1 ya kwanza.


DALILI: jedwali limepita kila kitu, bado mwalimu anasema siyo

Kuna majedwali yaliyonyooka ambayo hayana kategoria nyuma yake. Andika vipande viwili, 1 na X, na X⊗X = 1 + 2X. Kuzidisha kunashirikiana (mabano hayabadilishi jibu), dyuali ipo, dimensheni ni 1 + √2, kubwa kuliko 2 kwa hiyo kile kipimo cha kosaini hakiigusi. Lakini mwanahesabu Ostrik alionyesha 2003 kwamba kwa vipande viwili ni X⊗X = 1 au X⊗X = 1 + X tu, hakuna nyingine. Ukitaka kujua kama jedwali lako jipya lina kategoria unaingia kwenye milinganyo ya pentagoni (masharti ya kuhamisha mabano kwenye tensa ya vipande vinne), na hapo tena nakuambia ita fundi, vipande vitano sita tu vinaweza kukupa maelfu ya milinganyo na kompyuta ya kawaida inapiga magoti.

Upande wa pili, jedwali moja linaweza kuwa na kategoria zaidi ya moja. Kundi la mraba D₄ na kundi la kwaternioni Q₈ yana watu 8 yote mawili, jedwali la karakta ni lile lile, mgawanyo wa tensa ni ule ule: kipande cha dimensheni 2 kikijizidisha kinatoa vile vinne vya dimensheni 1. Kategoria ni tofauti. Ukiulizwa utofautishe, usirudie mgawanyo, chukua karakta ya hicho kipande cha dimensheni 2 kwenye g² kwa kila mtu g, ujumlishe kwa watu wote ugawe kwa 8. Kwa D₄, watu sita wana skweya e na wawili wana skweya ya kuzungusha nusu, 6·2 − 2·2 = 8, jibu 1. Kwa Q₈, wawili tu wana skweya 1 na sita wana −1, 2·2 − 6·2 = −8, jibu −1.